Wimbo Mkongwe Mikononi mwa Watu Watatu

Mwalimu mmoja wa kwaya, ambaye amefundisha watu kuimba kwa do-re-mi tangu mimi nikiwa mtoto wa shule, alinitembelea jioni moja nikamwekea rekodi ya piano, besi na dramu. Ulikuwa wimbo "All the Things You Are" kama ulivyopigwa na mpiga piano Brad Mehldau na wenzake wawili katika klabu ya Village Vanguard, New York, kwenye albamu iliyotoka mwaka 1999. Mwalimu alisikiliza kwa utulivu wa mgeni anayemstahi mwenyeji wake. Kidole chake kilianza kugonga meza kufuata mapigo, kikapotea njia, kikaanza upya, kikapotea tena. Baada ya dakika kadhaa aliinua uso akauliza, "Sasa mwanangu, wimbo wenyewe uko wapi?"

Swali hilo limenikaa kichwani kuliko uchambuzi wowote niliowahi kuusoma juu ya muziki huu, kwa kuwa linagusa jambo ambalo wengi wetu tunaoandika huwa tunalikwepa. Mazoea yetu ni kumsifu mwanamuziki anayeuchukua wimbo wa zamani kwa kadiri alivyoubadilisha: ameuvunja, ameugeuza, ameupa mapigo mapya, basi ni mbunifu. Naona kipimo hicho kimesimama kichwa chini miguu juu. Wimbo mkongwe ukifasiriwa vizuri, msikilizaji huondoka akiwa ameusikia wimbo uleule kwa undani zaidi ya alivyousikia mwanzo, na mabadiliko yanayosikika upesi, yaani ya kasi na ya mapigo, mara nyingi ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote.

Kabla sijaendelea, niondoe utata mmoja. Kwa msomaji aliyekulia Afrika Mashariki neno "jazz" huamsha kumbukumbu za Dar es Salaam Jazz Band, Tabora Jazz au Morogoro Jazz, bendi ambazo zilibeba jina hilo lakini zikipiga rumba na muziki wa dansi. Hapa nazungumzia jazz ya Wamarekani weusi, na hasa ile desturi yake ya kurudia nyimbo zinazoitwa "standadi", ambazo nyingi zilitungwa kati ya miaka ya 1920 na 1950 kwa ajili ya michezo ya jukwaani na filamu, na ambazo wanamuziki wa jazz walizichukua wakazifanya uwanja wao wa mazoezi, mashindano na maombolezo.

"All the Things You Are" ni mfano mzuri kwa sababu historia yake ilianza kwa kushindwa. Jerome Kern alitunga muziki na Oscar Hammerstein II akaandika maneno kwa ajili ya mchezo wa "Very Warm for May", uliofunguliwa Broadway, eneo la kumbi za michezo huko New York, mwezi Novemba 1939. Mchezo ulioneshwa mara 59 tu, ukafungwa. Wimbo ulinusurika kwa kuwa bendi kubwa za wakati huo, ikiwamo ya Artie Shaw na ya Tommy Dorsey, ziliurekodi, na kwa kuwa ndani yake Kern alikuwa ameficha ufundi ambao wanamuziki waliugundua mara moja.

Ufundi huo unaeleweka vizuri zaidi kwa lugha ya mwalimu wangu wa kwaya. Katika vipimo 36 vya wimbo, yaani mafungu ya mapigo, do inahamahama na kupita katika funguo tano, jambo ambalo lingeitia kwaya yoyote ya parokia kiwewe. Sehemu ya kati inamalizikia katika ufunguo wa E, na noti ya mwisho ambayo mwimbaji anaishikilia ni mi ya ufunguo huo. Kisha kodi zilizo chini yake zinabadilika (kodi, maana yake sauti kadhaa zinazopigwa pamoja ili kuubeba wimbo, si zile za mamlaka ya mapato, ingawa nazo zitatajwa muda si mrefu). Noti ileile, kibao kilekile cha piano, bila kupanda wala kushuka hata nusu hatua, inaamka ikiwa do ya ufunguo wa mwanzo, na hiyo ndiyo noti ya kwanza kabisa ya wimbo. Mtu amesimama palepale, lakini nyumba yote imezungushwa. Yeyote anayetaka kuufasiri wimbo huu upya anapaswa kwanza ajibu atafanya nini na mlango huo, na jibu lake hunieleza mengi kuliko idadi ya mapigo aliyochagua.

Kwa nini kazi hii imekuwa ya makundi madogo? Sehemu ya jibu ni fedha. Bendi kubwa ya watu kumi na tano ilihitaji mabasi, mafuta, hoteli na vijana wenye pumzi, na vita vya pili vya dunia vilichukua vyote hivyo. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliweka kodi ya asilimia 30 kwenye kumbi zenye dansi na uimbaji, ikaishusha hadi asilimia 20 mwaka huohuo, lakini ukumbi ambao watu walikaa tu wakasikiliza vyombo haukuguswa. Mwenye klabu aliyejua hesabu aliona kwamba watu wanne au watano wanaopiga mbele ya wateja walioketi ni biashara salama zaidi. Tukumbuke hilo kila tunaposikia kwamba jazz iliacha kuchezwa dansi kwa sababu ya kukua kifikra peke yake.

Sehemu nyingine ya jibu imo katika muziki wenyewe. Katika bendi kubwa wimbo umeandikwa kwenye karatasi, na kila mmoja hubeba kipande chake. Wanamuziki wakiwa watatu, hakuna karatasi inayotosha. Mpiga piano anaweza kuyaacha mahadhi yadondoke akijua kwamba besi imeshika njia, naye mpiga besi anaweza kuiacha njia akijua kwamba dramu zinakumbuka wamefika kipimo cha ngapi. Wimbo unakuwa kama kitanda kinachobebwa na watu watatu kwenye ngazi: kila mmoja anahisi mwenzake akihamisha uzito, na anayeachia ghafla anajulikana papo hapo.

Wa kwanza kuutumia uhuru huo kwa ukali walikuwa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na mpiga saksafoni Charlie Parker. Mwezi Februari 1945 walirekodi "All the Things You Are" wakiutangulizia utangulizi mfupi wa vishindo, ambao Kern hakuuandika. Utangulizi huo uliganda kwenye wimbo kiasi kwamba hadi leo, ukipita kwenye klabu yoyote wanapopiga wimbo huu, utausikia ukipigwa kana kwamba ulizaliwa nao. Mwaka 1947 Parker alikwenda mbali zaidi. Alichukua utangulizi na kodi za Kern, akayaacha kabisa mahadhi, akaanza kubuni yake papo hapo tangu kipimo cha kwanza, na rekodi ikatoka kwa jina la "Bird of Paradise". Kulikuwa na sababu ya kibiashara pia: sheria za hakimiliki za Marekani zililinda mahadhi, hazikulinda mfuatano wa kodi, kwa hiyo kampuni ya rekodi haikuwa na mtunzi wa Broadway wa kumlipa. Lakini wapenzi wa ushairi wetu hawatashangazwa na njia yenyewe. Mshairi anayemjibu mwenzake kwa bahari ileile na vina vilevile, akabadilisha kila neno, hufanya jambo lilelile, na msomaji anayelijua shairi la kwanza ndiye anayefaidi jibu.

John Coltrane alikuja kufanya kinyume chake. Mwezi Oktoba 1960 aliurekodi wimbo "My Favorite Things" akiwa na McCoy Tyner kwenye piano, Steve Davis kwenye besi na Elvin Jones kwenye dramu. Mchezo wa jukwaani ulioleta wimbo huo ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na wasikilizaji waliujua kama wimbo mwepesi wa jukwaani. Pale Parker alipoyatupa mahadhi na kubaki na kodi, Coltrane aliyashika mahadhi kwa saksafoni ya soprano na kuzitupa karibu kodi zote alipofika kwenye kubuni, akabaki na sauti mbili zinazozunguka, moja ya huzuni na moja ya mwanga, kwa karibu dakika 14. Kuna jambo dogo ambalo naliona ndilo tendo kubwa kuliko yote katika rekodi hiyo: sehemu ya mwisho ya wimbo, ile inayoufungia na kuuleta nyumbani, anaizuia. Inapita dakika baada ya dakika, msikilizaji anayeujua wimbo akiingoja, na Coltrane anaitoa mwishoni kabisa. Huo ni ufasiri. Amechukua kitu kilichokuwamo ndani ya wimbo, yaani ahadi ya kurudi nyumbani, akaifanya itamaniwe.

Lakini mbinu hiyo inategemea kitu ambacho leo tumekipoteza. Msikilizaji wa mwaka 1961 alijua nini kinazuiwa. Mehldau alipoupiga wimbo wa Kern, ulikuwa na umri wa miaka 60, na wengi waliomsikiliza hawakuwa wamewahi kuusikia ukiimbwa. Kama waliujua, waliujua kutoka kwenye rekodi nyingine za jazz. Standadi zimeacha kuwa nyimbo za mitaani, zimekuwa masomo. Tangu miaka ya 1970, kilipoanza kuuzwa kwa siri huko Boston kile kitabu cha noti kiitwacho "The Real Book", ambacho toleo lake halali lilitoka mwaka 2004 tu, mwanafunzi ameweza kujifunza nyimbo mia kadhaa bila kujua hata neno moja la maneno yake. Matokeo yake ni kwamba anafasiri ufasiri wa mtu mwingine, naye anayemfuata anafasiri huo wake, na mwalimu wangu wa kwaya anabaki akigonga meza na kuuliza wimbo uko wapi.

Njia mojawapo ya kutoka humo ilioneshwa na Keith Jarrett. Katika miaka ya 1970 alikuwa amejijengea jina kwa maonesho ya piano peke yake, yaliyobuniwa mwanzo hadi mwisho, na mwaka 1983, wakati ambapo kupiga nyimbo za zamani kulionekana kama kurudi nyuma, aliingia studio ya Power Station, New York, pamoja na Gary Peacock kwenye besi na Jack DeJohnette kwenye dramu. Vipindi hivyo vya Januari vilizaa albamu tatu, na watu hao watatu wakaendelea kupiga pamoja hadi mwaka 2014. Hawakuandika mpangilio wowote. Hawakubadilisha mapigo ili kuonesha kwamba wao ni wa kisasa. Walichokiacha ni ule ulinzi ambao mpangilio humpa mwanamuziki, kwa maana kwamba hakuna aliyejua wimbo utaanzaje, utakuwa wa kasi gani wala utafungwa vipi. "All the Things You Are" wa albamu ya kwanza unakimbia, lakini kila funguo zinapobadilika unamsikia Jarrett akiukaribia mlango ule wa mi na do kama mtu anayeingia chumba anachokijua hata taa zikiwa zimezimwa. Unamsikia pia akiguna na kuimba juu ya piano, tabia ambayo inawafukuza wasikilizaji wengine na ambayo mimi, nakiri, nimechoka kuitetea.

Katika albamu hiyohiyo wanaupiga "God Bless the Child", wimbo wa Billie Holiday na Arthur Herzog, kwa zaidi ya dakika kumi na tano. DeJohnette anashika mwendo mmoja mzito, wa kanisani zaidi kuliko wa klabu, na haachi. Mtu asiyeujua wimbo hahitaji kuambiwa kitu. Mahadhi yanarudiwa kwa uvumilivu hadi anayajua. Hapo wanamuziki wamejitwika kazi ambayo zamani ilifanywa na redio, yaani kumfundisha msikilizaji wimbo kabla ya kumwonesha wanachoweza kuufanyia.

Sasa nirudi kwa Mehldau, maana sitaki kumfanya mbuzi wa kafara. Rekodi ile ya Vanguard, akiwa na Larry Grenadier kwenye besi na Jorge Rossy kwenye dramu, imewekwa kwenye mapigo saba badala ya manne. Ukihesabu moja mpaka saba na kuanza tena, bila kulazimisha jozi, utaona kwamba wimbo haulegei popote. Mapigo saba yanawanyima watatu hao misemo waliyoizoea: mikono ya mpiga jazz imejaa vipande vya sentensi vinavyotosha kwenye nne, na kila kimoja hapa kinabaki kifupi au kinazidi. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa Mehldau, ambao kwa wapiga piano wengi hukaa nyuma kama mpambe, unalazimika kusema maneno yake wenyewe. Na safari ya funguo tano imebaki nzima. Amebadilisha ardhi, hakubadilisha njia, na mtu anayeijua njia anaiona upya kwa kuwa sasa inapanda mahali palipokuwa tambarare.

Tatizo ni waliofuata. Kupiga standadi kwa mapigo saba, au matano, au tisa, kumekuwa mazoea ya madarasa ya jazz kiasi kwamba ningeweza kutabiri onesho la mwisho wa mwaka kabla wanafunzi hawajapanda jukwaani. Hesabu inakuwa ngumu, nyuso zinakunjamana, watatu wanafika mwisho pamoja na kutazamana kwa ahueni, na wimbo haukuguswa. Ule mlango wa Kern wameupita wakihesabu. Siwezi kuuita huo ufasiri, kama nisivyoweza kumwita mshairi mtu aliyelipanga upya shairi la mwenzake kwa mizani sita badala ya minane na kuacha kila wazo lilivyokuwa.

Linganisha na Lee Konitz, mpiga saksafoni ya alto aliyezaliwa Chicago mwaka 1927 na kufariki mwaka 2020, ambaye kwa miongo mingi alirudia nyimbo chache zilezile, ukiwamo huu wa Kern, bila hila ya mapigo. Mwezi Desemba 2009, akiwa na umri wa miaka 82, alirekodi katika klabu ya Birdland pamoja na Mehldau huyohuyo, Charlie Haden kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Ni watu wanne wanaoziendea nyimbo kongwe polepole kama wanaotafuta kitu kilichoanguka mchangani. Konitz anatoa noti tatu au nne za mahadhi, anasita, anazitamka tena kwa pumzi tofauti, na wenzake hawamsukumi. Mehldau hana haja ya saba zake pale, na sioni kwamba amepungukiwa kitu.

Njia nyingine ya kuurudisha wimbo kwa msikilizaji ni kuyarudisha maneno, na hapa simjui wa kumweka mbele ya mwimbaji Cécile McLorin Salvant. Katika albamu yake ya mwaka 2015, "For One to Love", anaimba "Wives and Lovers", wimbo wa Burt Bacharach na Hal David wa mwaka 1963 unaomwonya mke achane nywele na kujipaka rangi mume anapokaribia kurudi nyumbani, kwa kuwa huko ofisini kuna wasichana. Aliyekulia kwenye mawaidha ya kungwi anaujua mwelekeo huo wa maneno, ingawa kungwi mzuri humfundisha bibi harusi na mengine mengi. Salvant habadilishi neno. Piano ya Aaron Diehl, besi ya Paul Sikivie na dramu za Lawrence Leathers zinatembea kwa mapigo matatu ya adabu, na yeye anatamka kila shauri kwa utamu uliozidi kidogo, akiikaza silabi hapa, akiiachia pale, mpaka unaanza kumwonea shaka anayeshauri. Kundi kubwa lenye fidla ishirini lingeifunika kejeli hiyo. Watu watatu wanaiacha wazi, na wanapotulia nyuma yake kimya chao kinakuwa sehemu ya maneno. Wimbo ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Sisi ndio hatukuwa tumeusikiliza.

Yule mwalimu nilimwalika tena wiki mbili baadaye. Safari hii nilianza na mwimbaji Ella Fitzgerald, kwenye albamu yake ya nyimbo za Kern ya mwaka 1963, mahadhi yakiwa wazi na kila neno likisikika. Hakusema kitu. Aliomba niurudie, kisha akahamia kwenye kinanda changu kidogo na kuitafuta sehemu ya kati kwa kidole kimoja, akiimba do-re-mi chini kwa chini, hadi alipofika kwenye noti ile ya mwisho akasimama. Aliipiga mara tatu. Akaiita mi. Akaipiga tena, akaiita do, akacheka peke yake.

Ndipo nikamwekea Mehldau. Nilimwambia ahesabu saba, akajaribu, akapotea katika mzunguko wa pili kama siku ile ya kwanza na akaamua kuiacha meza ipumzike. Alifumba macho. Watatu wale walikuwa wameshaingia ndani kabisa ya kubuni, na mahadhi yalikuwa hayasikiki popote, nami sikuwa na hakika kama anafuata au anasinzia. Kisha akainua kidole. "Hapa," alisema. "Hapa do imehama." Mapigo, aliniambia baadaye tukinywa chai, bado anayaona kama usumbufu wa bure, na juu ya hilo hatujakubaliana mpaka leo.